Stoo ya Asante

Vijana wa ofisini wameniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Waliomba kwa adabu, lakini hilo neno "kabla" nililisikia vizuri. Nimestaafu mwezi uliopita na akili bado ninayo. Mambo ya vyeo sitayaandika, yamo kwenye faili, na mshahara wangu haukuwahi kuwa na hadithi ya kumfurahisha mtu. Nitaandika kuhusu kazi niliyoanzia, ya kuiagiza mashine kwa mstari mmoja wa maneno, kwa sababu nawaona mkiifanya mpaka leo kwenye skrini zenu na kudhani ni kitu kipya.

Nilizaliwa Kisii mjini. Baba yangu aliuza vitambaa na taa za mafuta, na nyumbani kwetu tulisema Kiswahili tangu asubuhi mpaka kulala. Kwa hiyo chama cha wakulima kilipotafuta mtu wa kupiga chapa ujumbe wa Kiswahili, mwishoni mwa miaka ya sitini, walimwambia baba anilete mimi. Waliona kwamba mtu anayekisema Kiswahili bila kukwama ataweza pia kukipiga chapa bila kukwama. Hawakuwa na haki ya kuamini hivyo, ila mimi ndiye niliyepata kazi, sikubishana.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Bwana Ombati. Alikuwa mtu mrefu, wa kijijini karibu na Sironga, aliyefanya kazi ya simu za upepo kwenye reli kabla ya kurudi kwao. Alivaa koti la kaki hata jua likiwaka. Mbele yake palikuwa na teleksi: mashine yenye vibonye kama vya taipureta, ambayo ukipiga neno Kisii linatoka Nairobi kwenye mashine nyingine. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti. Bwana Ombati akaniambia nisimame.

"Umeamkia mashine?" akaniuliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Huko mwisho ya waya kuna mtu amekaa," alisema. "Wewe unaingia kwa nyumba ya mtu, unasema 'nataka hii, nataka ile,' bila kumuuliza ameamkaje? Nyumbani kwenu Waislamu mnafanya hivyo?"

Nyumbani kwetu hatukufanya hivyo. Nikakaa, nikapiga: NAIROBI HABARI ZA ASUBUHI KISII HATUJAMBO. Baada ya kitambo mashine ikatikisika yenyewe na kuandika: SALAMA KISII LETA KAZI. Nilifurahi kuliko nilivyotaka aone.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chama chetu kiligawa mbegu za mahindi kwa wakulima kupitia stoo ndogondogo zilizotawanyika Kisii na Nyamira. Mbegu zilikuwa zinaletwa kwa wingi na kukaa katika ghala kuu hapa mjini. Lakini gunia lisingetoka ghalani bila hati, na hati zilichapwa Nairobi na kompyuta ya ofisi kuu, iliyokuwa na chumba chake na watu wa kuipepea. Sisi tulipiga mstari mmoja, kompyuta ikafanya hesabu, ikachapa hati ya kila stoo, hati zikaletwa kwa basi, lori likapakiwa.

Mstari ulikuwa hivi: GAWA MBEGU SIRONGA MASIMBA NYARAMBA. Neno la kwanza ni kazi yenyewe. La pili ni kitu kinachogawiwa. Baada ya hapo, kila neno ni jina la stoo, mpaka mwisho wa mstari. Ukitaja stoo chache, mashine itagawa kwa hizo chache. Ukitaja nyingi, itagawa kwa hizo nyingi, kila moja fungu sawa. Haikuambiwa mapema zitakuwa ngapi. Inachukua jina, inafanya kazi ile ile, inarudi kuchukua jina jingine, mpaka majina yaishe. Nyinyi mna maneno yenu ya kulieleza jambo hili, na mengine ni marefu kuliko mstari wenyewe.

Mashine ilitenganisha majina kwa nafasi iliyo wazi kati ya neno na neno, basi. Haikuwa na njia nyingine ya kujua. Msimu wangu wa kwanza kulikuwa na stoo iliyoitwa Masimba Juu, nami nikaipiga kama inavyotamkwa. Simu ililia kabla chai haijapoa. Alikuwa Bwana Kilonzo, karani wa Nairobi aliyepokea ujumbe wetu na kuutoboa kwenye kadi za kompyuta kwa mkono.

"Dada Zaituni," alisema, "hii stoo yenu inayoitwa Juu iko juu ya nini?"

Tangu siku hiyo tuliunganisha: MASIMBAJUU. Nikamuuliza kwa nini mashine haikukataa, maana hakuna mahali panapoitwa Juu. Akanieleza kwamba mtu aliyeitengenezea maagizo yake alikuwa na busara zake. Stoo mpya zilikuwa zinafunguliwa kila msimu, na yeye hakutaka kusumbuliwa kila mara kuongeza jina, basi akaiambia mashine ipokee jina lolote. Kwa hiyo likaingia lolote. Kama mna mashine ya namna hiyo, na naamini mnayo, wekeni mtu karibu nayo.

Miaka ikaenda. Nilijifunza kubadilisha utepe wa wino bila kuchafua mikono, kutia mafuta kidogo mahali panapopiga kelele na kuacha mahali pasipopiga, na kuusoma mstari kwa sauti kutoka mwisho kwenda mwanzo kabla ya kuutuma. Hili la mwisho ndilo lililo na faida kubwa. Ukisoma kutoka mwanzo, jicho linaona ulichokusudia. Ukisoma kinyume linalazimika kuona ulichopiga.

Bwana Ombati hakusoma kinyume. Alipiga polepole, kwa vidole viwili, na hakukosea herufi. Na kila mstari wake aliumaliza vile vile: GAWA MBEGU SIRONGA MASIMBAJUU NYARAMBA ASANTE. Salamu alizipiga kwenye mstari wake mwanzoni, na hizo mashine haikuzijali, maana ilikuwa inatafuta mstari unaoanza na GAWA. Lakini asante aliipiga mwishoni mwa mstari wenyewe, pale pale jina la mwisho linapoishia, kama mtu anavyoishukuru nyumba akiwa bado mlangoni. Nami nilifanya hivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Hakuna kilichoharibika. Hati zilikuja zikiwa sahihi msimu baada ya msimu.

Kisha, katikati ya miaka ya sabini, ofisi kuu ikapata maendeleo. Barua ilitueleza kwamba kuanzia sasa ujumbe wetu wa teleksi utatoboa utepe wa karatasi huko Nairobi wenyewe, na utepe huo utaingizwa kwenye kompyuta moja kwa moja bila kupitia mkono wa mtu. Kilonzo alihamishiwa idara ya ankara. Bwana Ombati aliisoma barua, akaikunja, akauliza kama sasa habari za asubuhi zitajibiwa na nani. Hazikujibiwa na mtu. Aliendelea kuzipiga.

Mvua za masika mwaka ule zilikaribia mapema. Tukatuma mstari wa mbegu. Zamu ilikuwa ya Bwana Ombati. Hati zikafika kwa basi. Karani wa ghala alikuwa Bwana Makori, mtu safi, mwenye kalamu tatu mfukoni na funguo zilizofungwa kwenye mkanda. Alipakia malori kama hati zilivyosema, nayo yakaondoka. Hakuna aliyeuliza neno mpaka lori la mwisho lilipokuwa limekwenda na ghala likabaki na rundo zuri la magunia kwenye kona.

"Haya ni ya nani?" nilimuuliza.

"Hayo bado yanangojewa," akasema, akanionyesha hati. "Ni ya stoo ya Asante."

Niliisoma hati ile nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta mahali pa kukaa. Ilikuwa imechapwa vizuri, ina mhuri. Mashine ilikuwa imelipokea jina, ikaligawia fungu sawa na wenzake. Kila stoo ya kweli ilikuwa imepunjwa ili Asante ipate. Nilianza kumweleza Bwana Makori. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akauliza ni nani atakayetia sahihi kwa niaba ya Asante, maana bila sahihi yao hawezi kutoa gunia.

"Hakuna Asante!" nilimwambia.

"Basi watachelewa," alisema. Akachukua chaki akaandika jina la stoo ukutani juu ya magunia, ili yasichanganyike.

Nilimpigia Kilonzo simu huko kwenye ankara. Nilimuuliza kama miaka ile yote alikuwa akiiona hiyo asante yetu mwishoni.

"Kila siku," alisema.

"Na ulikuwa unaifanyaje?"

"Nilikuwa siitoboi kwenye kadi. Ilikuwa yangu." Kisha akaniuliza: "Kwani ilikuwa ya nani?"

Nikakata simu. Nilimweleza Bwana Ombati. Alivua koti lake la kaki, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akalitundika msumarini, na akakaa akiitazama teleksi. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Wakati tukikuna vichwa, mvua ikaanza kunyesha. Siku ya pili ya mvua aliingia Mama Kerubo. Huyu ndiye aliyesimamia stoo ya Nyaramba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kanisani, na alikuja amebeba viatu mkononi kwa ajili ya matope. Nyaramba ilikuwa na wakulima wengi kuliko stoo nyingine yoyote, na fungu lililopunguzwa liliwaumiza wao zaidi. Alikuwa amewagawia wa upande wa chini kwanza. Wa upande wa juu walirudi mikono mitupu. Yeye mwenyewe shamba lake lilikuwa huko juu.

"Shamba nimelima, mbolea nimeweka, mvua hii hapa," alimwambia Bwana Ombati. "Hii wiki ikiisha bila mbegu, mimi na hao wenzangu tutaomba chakula kwa watu mwaka mzima. Kwa watoto nitasema nini, omogaka? Niambie, mimi niwaambie."

Omogaka ni mzee, kwa heshima. Bwana Ombati aliinamisha kichwa. Mlango wa ghala ulikuwa wazi, na Mama Kerubo akayaona magunia.

"Na hiyo?"

"Hiyo ni ya Asante," alisema Bwana Makori.

"Asante ni wapi?"

Bwana Makori alisema ni stoo mpya. Bwana Ombati alisema haiko mbali sana. Mama Kerubo akayatazama magunia kwa namna ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka, akasema kwamba basi na hao ni watu, nao wana watoto, yeye hawezi kusema wanyang'anywe. Akakaa kwenye benchi la nje chini ya mabati, akavaa viatu, akangoja.

Tulituma ujumbe Nairobi kuomba stoo ya Asante ifutwe. Jibu lilikuja kutoka kwa mtu tusiyemjua. Stoo haifutwi ikiwa na mali ndani. Mali haitoki ila kwa amri ya kuhamisha. Amri ya kuhamisha ni HAMISHA, kisha kitu, kisha stoo inayotoa, kisha stoo zote zinazopokea, kwa fungu sawa. Tulilisoma mara kadhaa. Bwana Makori alisema ndivyo hasa alivyokuwa akisema.

Tulikubaliana yote yaende Nyaramba, kwa kuwa ndiko upungufu ulikokuwa mkubwa. Sasa mtaona hatari iliyokuwepo. Jina la kwanza baada ya mbegu ni la mtoaji. Yote yanayofuata ni ya wapokeaji, mpaka mwisho wa mstari. Bwana Ombati akimaliza kwa mazoea yake, mashine itaichukua nusu ya mbegu za Asante na kuirudishia Asante. Nilijitolea kupiga mimi. Alikataa. Alisema jambo lililotoka kwenye vidole vyake litarudi kwa vidole vyake.

Akavaa koti. Akapiga salamu kwenye mstari wa juu, ambazo hazikumhusu mtu. Akashuka mstari, akaanza: HAMISHA MBEGU ASANTE NYARAMBA. Nilisimama nyuma yake nikiusoma kinyume kimoyomoyo, Nyaramba, Asante, mbegu, hamisha. Kidole chake cha kulia kilikuwa kimeshaanza kwenda kwenye kibonye cha nafasi. Kikasimama hewani. Ulikuwa mkono wa mtu ambaye hakuwahi kutoka nyumbani kwa mtu bila kuaga. Halafu akabonyeza cha kumaliza mstari, haraka, akaikunja mikono miwili kwapani na kukaa nayo hapo mpaka mashine ilipotulia.

"Imekuwa vibaya sana," aliniambia. "Imekuwa kama kutuma mbwa."

Nilimwambia kwamba huko hakuna mtu wa kukasirika. Alisema hilo ndilo baya.

Hati ilifika na basi la kesho yake asubuhi: kutoka Asante, kwenda Nyaramba, magunia yote. Mama Kerubo alikuwa amelala kwa ndugu zake mjini na alikuwa mlangoni kabla yetu. Bwana Makori alimwonyesha mahali pa kutia sahihi. Aliisoma hati taratibu kwa kidole, kisha akauliza kama hawa watu wa Asante wamekubali wenyewe au wamelazimishwa. Bwana Ombati alimwambia wamekubali. Akapanda mbele kwenye lori pamoja na dereva, na mvua ikiwanyeshea wapakiaji huko nyuma, wakaenda. Bwana Makori akafuta jina ukutani kwa kitambaa chenye maji. Stoo ilifungwa rasmi, na mimi nikarudi kwenye kazi zangu nikidhani mambo yamekwisha.

Tangu siku ile asante tuliipiga kwenye mstari wake peke yake, chini, baada ya amri kwisha. Huko haikuleta madhara, wala haikumfikia mtu. Niliandika kanuni hiyo kwenye kadibodi nikaibandika ukutani, na wale walionifuata waliifuata bila kuuliza sababu. Sababu sasa mnayo.

Miezi ikapita, mahindi mabichi yakaanza kuonekana sokoni. Siku moja ya soko Mama Kerubo akaingia ofisini na kikapu kichwani, kimefunikwa jani la mgomba. Alikishusha mbele ya meza ya Bwana Ombati, akafunua. Yalikuwa mahindi makubwa, yamejaa mpaka nchani, na majani yake bado yana umande.

"Bwakire, omogaka," alimwamkia kwa Kikisii. "Hii si yenu," alisema. "Ni ya watu wa Asante. Sisi wa upande wa juu tumechanga, kila nyumba. Hatujui njia ya kwenda kwao, lakini wewe unajua. Wapelekee."

Bwana Ombati alisimama. Nilidhani atamwambia ukweli, nami nilikuwa tayari kutoka nje ili asione haya mbele yangu. Akakifunika kikapu tena kwa lile jani.

"Nitafikisha," alisema.

Mama Kerubo hakuondoka. Alisugua mikono yake kwenye leso. Kulikuwa na jambo, na ilionekana amekaa nalo muda mrefu.

"Nataka kuuliza," alisema. "Tangu siku ile mimi silali vizuri. Nikipalilia nafikiria hao watu. Mbegu ilikuwa ya kwao, wakatupatia yote, hata kibaba hawakubaki nacho. Sasa wao, mwaka huu, walipanda nini?"

Bwana Makori alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utaratibu wa kututajia. Mimi nilikuwa nalia, nikijifanya natafuta kitu kwenye droo.

Bwana Ombati alizunguka meza, akainama mbele ya yule mama, akakishika kikapu kwa mikono miwili kama kinavyopokelewa kitu kwetu Kisii.

"Walipanda kwako, mama," alisema.

Mama Kerubo akafunga leso yake vizuri kiunoni.

"Basi waambie imeota," alisema.